Mfupa Mbichi kwa Mbwa: Uchague kwa Mdomo Wake, Msimamie Mpaka Amalize

Mfupa uliopikwa usimpe mbwa kabisa. Uwe wa kuku au wa mbuzi, uwe umetoka kwenye supu au umechomwa, ni mamoja. Moto huukausha mfupa na kuiharibu kolajeni, ile protini inayoufanya uwe na mnyumbuko kidogo. Mbwa akiutafuna unapasuka vibanzi vyenye ncha, na vibanzi hivyo ndivyo vinavyotoboa umio na utumbo. Mifupa ya pakiti iliyokaushwa kwa tanuri au kufukizwa moshi imo kundi hilohilo: mwaka 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitangaza kwamba imepokea taarifa za mbwa wapatao 90 walioumwa baada ya kupewa mifupa ya aina hiyo, na 15 kati yao walikufa.

Ushauri huu basi ni wa mfupa mbichi, ambao bado una nyama, kwa mbwa mzima mwenye afya.

Asidi ya tumbo la mbwa ni kali na inaweza kuyeyusha mfupa, ila inahitaji kwanza meno yafanye kazi yao. Kipande kilichosagwa huyeyuka. Kilichomezwa kizima hukwama. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya kila mfupa ni hili: je, mbwa huyu anaweza kuumeza bila kuutafuna? Kama jibu ni ndiyo, tafuta mkubwa zaidi. Kipimo chepesi ni kuulaza mfupa pembeni ya kichwa chake. Uwe mrefu kuliko umbali wa kutoka pua hadi kisogo, na uwe mnene kiasi kwamba hauingii wote mdomoni.

Mbwa wa kilo 5 ataguguna bawa la kuku kwa dakika kadhaa. Mpe bawa hilohilo mbwa wa kilo 30, litapita kooni kama tonge. Shingo ya kuku ndiyo hatari zaidi kwa mbwa wa kati na wakubwa, kwa sababu upana wake unalingana na koo lao na ni rahisi kuteleza. Hao wape mgongo mzima wa kuku, ubao wa mbavu tatu au nne za mbuzi zikiwa bado zimeshikana, au shingo nzima ya kondoo. Mbavu zisitenganishwe. Ubavu mmoja peke yake ni kijiti cha kumezwa. Mwambie muuza nyama asikuchanechanie vipande vidogo vya supu, kwani vipande hivyo vina kingo kali na ukubwa wa kukwama.

Mifupa ya miguu ya ng'ombe, yaani paja na muundi, iache. Imeumbwa kubeba uzito wa mnyama mkubwa, na ni migumu kiasi cha kuvunja jino. Jino linaloumia mara nyingi ni gego kubwa la juu, lile la kukatia: hupasuka ubapa mzima upande wa nje na kuacha neva wazi. Mbwa anaendelea kula kana kwamba hakuna kitu, huku jino linaoza hadi shavu linavimba chini ya jicho. Hapo tiba ni kung'oa au kusafisha mzizi, naye akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Ukitaka kujua kama mfupa unafaa, jaribu kuukata kwa mkasi imara wa jikoni. Mfupa wa kuku unakatika, ubavu wa mbuzi unabonyea. Usiokatika wala kubonyea haufai. Vile vipande vya mviringo vyenye uboho katikati navyo vina balaa lao: hupita juu ya meno ya chonge na kujivisha kwenye taya la chini kama pete, na kuvitoa ni kazi ya msumeno kliniki. Tena uboho ni mafuta matupu, na mafuta mengi kwa mkupuo yanaweza kuvimbisha kongosho.

Sasa kiasi. Mbwa mzima anayelishwa chakula kibichi hula kwa siku takriban asilimia 2 hadi 3 ya uzito wake, na katika hicho mfupa wenyewe, bila nyama, uwe kama sehemu moja ya kumi. Mbwa wa kilo 20 atakula gramu 400 hadi 600, na mfupa halisi ndani yake gramu 40 hadi 60. Mgongo wa kuku una mfupa unaokaribia nusu ya uzito wake, hivyo gramu 100 hivi zinamtosha. Zinazobaki ziwe nyama laini na sehemu ndogo ya maini. Kama chakula chake cha kawaida ni cha pakiti, mfupa mara mbili kwa wiki unatosha, na siku hiyo punguza chakula kile kingine. Kinyesi kitakupa majibu kesho yake. Kikitoka cheupe, kikavu, kinachovunjika kama chaki, na mbwa anajikamua, umezidisha mfupa. Kikitoka laini na cheusi, ongeza mfupa kidogo au punguza maini.

Watoto wa mbwa wa aina kubwa ni jambo tofauti. Miili yao bado haiwezi kuikataa kalisi (madini ya mifupa) ya ziada, na ikizidi mifupa na viungo vinakua vibaya. Kwao usikadirie kwa macho. Kaa na daktari wa mifugo mpange.

Siku ya kwanza mtazame anavyokula. Mbwa anayejua mfupa hulaza kichwa upande, akaushikilia kwa miguu ya mbele, akausukuma hadi kwenye magego, na unasikia ule mlio wa kusagika polepole. Mbugiaji yeye hunyoosha shingo, huinua pua juu, taya zinagonga mara mbili tatu, kisha anameza. Huyo mpe nusu ya chakula chake kwanza ili njaa ipungue, halafu ushike ncha moja ya mfupa mwenyewe huku akitafuna nyingine. Usimpe mfupa ulioganda kama jiwe ukidhani utampunguzia mwendo, maana utamvunja meno. Mbwa wawili wale mbali mbali, mlango ukiwa umefungwa. Na ukitaka kuuchukua mfupa, mletee kitu kitamu zaidi mbadilishane. Ukimnyang'anya, anajifunza kumeza haraka ukikaribia.

Kuhusu vijidudu, wengi huamini friza inamaliza kila kitu. Friza huua vimelea vingi ikikaa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku kadhaa, lakini bakteria ya salmonela inaamka nyama ikiyeyuka. Yeyushia ndani ya friji, kwenye chombo chenye mfuniko. Usioshe kuku kwenye sinki, maji yanarusha bakteria kote. Lishia nje au juu ya mkeka unaooshwa, na baada ya nusu saa mabaki yatupe. Bakuli, mikono na sakafu vioshwe kwa sabuni, na mbwa asilambe watu usoni baada ya kula. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne walihusisha kuku mbichi, na bakteria ya kampilobakta iliyomo, na kupooza kwa ghafla kwa baadhi ya mbwa, kunakoanzia miguu ya nyuma. Kwenye nyumba yenye mtoto mchanga, mjamzito, mzee dhaifu au mtu mwenye kinga ndogo, nasema wazi: acha mifupa mibichi. Mbwa anaweza kutoa salmonela kwenye kinyesi huku mwenyewe hana dalili.

Shingo ya mnyama mkubwa nayo ikaguliwe. Koromeo na nyama laini iliyolizunguka viondolewe, kwani tezi la hapo lina homoni inayoweza kumvuruga mbwa moyo na uzito akila mara kwa mara.

Mbwa akianza kudondosha mate, kupapasa mdomo kwa mguu, kujaribu kutapika bila kitu kutoka, tumbo likikaza, damu ikionekana kwenye choo, au siku mbili zikipita bila choo, mpeleke kwa daktari. Usimtapishe nyumbani, kibanzi kilichoshuka salama kinaweza kuchana umio kikipanda. Mwambie daktari saa aliyokula, na kipande kilichobaki kitie kwenye mfuko uende nacho, alinganishe na picha ya eksirei.