Muulize Fundi: Kichwa cha treni kinapopanda ndege

SWALI: Shikamoo Fundi. Marehemu baba mdogo ameniachia modeli zake za treni za kipimo cha HO: kichwa kimoja cha mvuke cha shaba ya njano, kichwa kimoja cha dizeli cha plastiki, na mabehewa sita ya abiria. Mwezi ujao nahamia nchi nyingine kikazi. Nitapanda ndege mbili, nikibadilisha katikati. Makasha ya kiwandani yamebaki ya mabehewa tu. Kile kichwa cha mvuke kina vishikio vya waya ubavuni ambavyo nikivigusa tu vinacheza. Rafiki yangu anasema nikizungushie ile nailoni ya mapovu tabaka nyingi, nikifukie katikati ya nguo kwenye sanduku kubwa, kisha nibandike kibandiko chenye picha ya glasi. Nifuate ushauri wake?
*Mrithi Mwenye Wasiwasi*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba.

Rafiki yako usimlaumu, maana ushauri huohuo niliufuata mimi mwenyewe, tena nikiwa tayari fundi saa wa miaka mingi, mtu ambaye kazi yake ni kushika vitu vidogo. Nilikifunga kichwa changu cha mvuke kwa nailoni ya mapovu hadi kikawa kama mtoto aliyeviringwa blanketi. Nikakaza kwa utepe, nikakilaza kati ya masweta mawili, nikajiona mjanja. Sanduku lilifika halina hata mkwaruzo. Ndani yake vishikio vya ubavu mmoja vilikuwa vimelala juu ya bomba la mvuke kama majani yaliyopigwa na upepo, firimbi haipo, na kwenye rangi nyeusi kulikuwa na alama za duara, moja kwa kila povu.

Nililaumu wabeba mizigo kwa wiki nzima. Halafu nikakaa nikafikiri, nikaona walikuwa na kosa dogo sana. Kilichovunja vishikio vyangu ni uzito wa kichwa chenyewe. HO ni kipimo cha 1:87, yaani kila urefu umepunguzwa mara 87, kwa hiyo chuma ambacho kwenye treni halisi kina unene wa kidole, kwenye modeli ni waya usiofika nusu milimita. Lakini mwili wa shaba bado ni mzito. Kichwa chako pengine kina nusu kilo au zaidi. Ukikizungushia kitu kinachokaza pande zote, umeuambia ule waya ubebe nusu kilo kila sanduku linapogeuzwa. Na sanduku hugeuzwa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Nailoni ya mapovu ina ubaya mwingine ambao watu hawaufikirii. Ndege ikiwa juu, shinikizo la hewa ndani yake hushushwa hadi kufanana na la mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na chumba cha mizigo cha ndege za abiria nacho huwa hivyohivyo. Kwenye mita 2,400 hewa iliyofungiwa hutaka nafasi karibu theluthi moja zaidi ya ile iliyokuwa nayo usawa wa bahari. Umewahi kuona pakiti ya biskuti ilivyovimba ndani ya ndege? Basi kila povu uliloligandamiza kwenye kishikio linavimba vilevile, saa zote za safari. Nailoni hiyo itumie nje ya kasha ukipenda. Isiguse rangi.

Sasa tufanye kazi. Kanuni yangu ni moja: kishikwe kilicho kizito, kilicho chembamba kiachwe hewani.

Tafuta kasha gumu la plastiki lenye kifuniko cha kubana, la ukubwa wa kuingia kwenye begi la mkononi. Nunua sponji ngumu kidogo, ile ya polithini isiyofyonza maji, yenye unene wa sentimita 2 au 3. Sponji laini ya njano ya magodoro iache. Ikizeeka hulainika, ikanata, ikaganda kwenye rangi, na kuibandua ni kazi ya siku mbili na machozi. Hata makasha ya mabehewa yako yakague kwa sababu hiyo. Bonyeza sponji yake kwa kidole: ikibaki na shimo au ikitoa unga, itupe, ubaki na kasha tu.

Weka kichwa juu ya karatasi, ukichore ramani yake kwa penseli ukiangalia kutoka juu. Halafu chukua kalamu nyekundu na uweke alama kila mahali penye kitu chembamba: vishikio, firimbi, mabomba madogo, ngazi, taa, ndoano za kuungia mabehewa. Sehemu zisizo na wekundu ndizo za kushikia. Kwa kichwa cha mvuke kwa kawaida hubaki chini ya chumba cha dereva, mbele ya kile kisanduku cha moshi, na tumbo lote lililo kati ya magurudumu. Kata vipande vya sponji vifike hapo tu. Sehemu zenye wekundu zikatie nafasi ya kutosha kuingiza kidole pande zote. Kama kichwa kina behewa lake la makaa, litenganishe ulipe shimo lake. Lile fito linalounganisha viwili hivyo huvunjika kwa urahisi wa ajabu.

Kabla ya kukilaza, kizungushie mara moja tu karatasi laini nyeupe isiyo na asidi, au nailoni nyembamba kabisa isiyo na mapovu. Gazeti hapana, wino wake huhama. Kisha funika, inua kasha, tikisa polepole karibu na sikio. Ukisikia "tik", fungua uongeze sponji mahali ambapo hapana wekundu. Rudia hadi kimya.

Viwanda vingine huuza vichwa vikiwa vimefungwa kwa skrubu kutoka chini, kwenye kitako cha plastiki, mwili mzima ukining'inia hewani bila kuguswa. Nilipokiona kitako hicho mara ya kwanza nilijicheka: jibu lilikuwa kwenye kasha siku zote. Kama kichwa chako cha dizeli kina tundu la skrubu tumboni, kitengenezee kitako cha ubao kwa mtindo huo. Hutahitaji sponji nyingi.

Jambo ambalo ningelitilia mkazo zaidi ya yote ni mwelekeo. Begi la magurudumu ukilisimamisha, kitu kilicholala kwa urefu wake ndani kinasimama kwa pua. Nusu kilo yote inakalia ndoano ya mbele. Basi panga kasha ndani ya begi ili modeli zibaki zimelala mlalo hata begi likisimama, yaani zikingame upana wa begi, magurudumu yake yakitazama upande wa magurudumu ya begi. Behewa la abiria la HO laweza kufika sentimita 30 likiwa limefuata urefu halisi. Mashirika mengi hukubali begi la mkononi lenye upana wa sentimita 35 hadi 40, kwa hiyo linaenea, kwa shida lakini linaenea. Pima kabla hujakata sponji. Pima na uzito pia, maana kuna mashirika yanayoishia kilo 7, na shaba haina utani.

Hapo umeshaelewa kwamba kichwa cha mvuke kinakwenda na wewe ndani. Mabehewa yakikosa nafasi yatangulie kwenye sanduku la chini, katika makasha yake, yakiwa katikati ya nguo na si pembeni. Kibandiko cha glasi bandika kama kinakutuliza moyo. Mimi nimeacha.

Ndani ya ndege, begi likienea, liweke chini ya kiti cha mbele yako. Kule juu utaliweka vizuri, halafu atakuja mtu na begi lake amechelewa, atalisukuma lako kwa kiganja hadi mlango ufunge, na wewe umekaa unatazama.

Kwenye ukaguzi, ile miale haidhuru modeli wala saketi iliyo ndani yake. Shida ni picha. Kwenye skrini nyingi plastiki na sponji huonekana rangi ya chungwa, metali huonekana bluu, na kipande kinene cha shaba huwa giza ambalo ofisa haoni ndani yake. Ongeza waya na mota, utaelewa kwa nini anakuita. Panga modeli tabaka moja zisipandane, usifunge kasha kwa utepe, na mwambie ofisa kabla begi halijaingia: "Nina modeli za treni, ni dhaifu." Akitaka kuangalia, omba ufungue mwenyewe. Mimi huwa na picha ya kila modeli kwenye simu, ikiwa nje ya kasha. Ofisa mmoja alipoiona aliacha kugusa, akaanza kuniuliza kama inatoa moshi kweli. Picha hizo, pamoja na karatasi yoyote ya urithi au ya manunuzi, zitakusaidia pia forodhani wakiuliza kama unaingiza bidhaa ya kuuza.

Ukifika, usikimbilie kufungua, hasa kama ulitoka kwenye baridi ukaingia kwenye joto lenye unyevu. Acha kasha limefungwa saa kadhaa lizoee chumba, la sivyo unyevu utajikusanya juu ya metali baridi. Halafu fungua juu ya taulo jeupe. Kila kilichodondoka kitaonekana hapo, na sponji ikung'ute kabla hujaitupa. Ile firimbi yangu niliipata ndani ya sweta, miezi minane baadaye.

SWALI: Fundi, mimi nabeba pia kidhibiti kisichotumia waya, pawabenki, mafuta ya mota, yale maji ya kutoa moshi, gundi na vifaa vya kutengenezea. Vipi vinaruhusiwa?
*Mpenda Moshi*

JIBU: Betri za akiba za lithiamu na pawabenki zinakaa nawe ndani, kamwe si kwenye sanduku la chini. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100 kwa betri. Kati ya 100 na 160 unahitaji idhini ya shirika. Hesabu ni volti mara ampea-saa: betri ya volti 3.7 yenye ampea-saa 10 ni wati-saa 37, haina tatizo. Ncha zake zizibe kwa utepe zisigusane na reli au funguo.

Maji ya moshi mara nyingi ni jamii ya mafuta ya taa. Yaache nyumbani, na gundi za kuyeyusha plastiki ziache pamoja nayo. Vinavyowaka haviendi juu wala chini. Halafu usisahau kilichobaki ndani ya kichwa chenyewe: kigeuze juu ya karatasi ya tishu usiku mzima, bomba la moshi likitazama chini, hadi tishu isilowe tena. Mafuta ya mota soma kichupa; yakiandikwa kwamba yanawaka, nayo yabaki. Bisibisi, koleo na kisu cha kukatia weka sanduku la chini, ncha zimefunikwa. Kibano nilishawahi kupita nacho, nilishawahi kunyang'anywa.

SWALI: Mabehewa yangu manne yalivunjika kwenye sanduku lililokabidhiwa shirika. Nilifika nyumbani ndipo nikaona. Nimechelewa?
*Aliyevunjikiwa*

JIBU: Kama ilikuwa safari ya kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, ule wa mataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo, una siku 7 tangu upokee mzigo, na malalamiko lazima yawe kwa maandishi. Leo andika, kesho usingoje. Ambatisha picha za mabehewa, za sanduku, na karatasi ya mzigo. Wakati mwingine fungua uwanjani palepale, uandikishe kabla hujatoka.

Kikomo cha fidia ya mzigo tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519 kwa abiria, na SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF), kwa hiyo thamani yake hubadilika kila siku. Mwenye mali ya zaidi ya hapo anaweza kutangaza thamani anapokabidhi mzigo na kulipia ziada. Lakini nisikudanganye: mkataba huohuo unaliondolea shirika wajibu pale madhara yanapotokana na udhaifu wa kitu chenyewe, na hoja hiyo ndiyo watakayokujibu nayo. Ukiweza kuonyesha kwamba sanduku lenyewe limepasuka, una nguvu zaidi.

SWALI: Mume wangu huvisha mabehewa soksi. Ni vibaya?
*Mke wa Mkusanyaji*

JIBU: Soksi ni laini, dada, ila nyuzi zake hunasa kwenye ndoano na ngazi, na nyingine hujisokota kwenye ekseli hadi magurudumu yagome. Nimewahi kutoa uzi mwekundu wa urefu wa kiganja kwenye ekseli moja, kwa kibano, nikiuzungusha kinyumenyume. Azivae mwenyewe.