Eti Moldova imalizane kwanza na Transnistria ndio isafishe serikali?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma mahusiano ya kimataifa mwaka wa tatu, naandika tasnifu kuhusu Moldova. Wachambuzi wengi wanasema Moldova haiwezi kuingia Umoja wa Ulaya wala kusafisha mahakama zake mpaka kwanza imalizane na Transnistria, lile eneo lake lililojitenga, na kwamba dawa rahisi ni shirikisho, mfano wetu na Zanzibar. Hoja hii ina ukweli? Na wale wanajeshi wa Urusi walioko kule inakuwaje?

JIBU: Marahaba. Swali hili naletewa kila muhula na najua limetokea wapi, kwenye zile klipu zenye ramani na mishale myekundu, jamaa anaongea kwa sauti nzito halafu anahitimisha "mpaka kwanza, mageuzi baadaye", yaani suala la mpaka na Transnistria limalizwe kabla ya kusafisha serikali. Vita ya 1992 kati ya Moldova na Transnistria sitairudia, kama unaandika tasnifu bila kuijua basi tuna shida nyingine. Wacha niende moja kwa moja panaponikera.

Hiyo hoja inachukulia kwamba kuna makabila mawili yanachukiana, moja kila upande wa mto Dniester, na serikali ya Moldova pale Chișinău imekaa tu inasubiri wapatane ndio ianze kazi. Sio hivyo kabisa. Ng'ambo ya mto watu ni kama theluthi Wamoldova, theluthi Warusi, theluthi Waukraine, wanavuka kwenda sokoni na hospitali, wengi wana pasipoti ya Moldova mfukoni. Sheriff Tiraspol, ile timu ya Transnistria iliyoifunga Real Madrid 2-1 hukohuko Madrid 2021, iliingia Ligi ya Mabingwa kama bingwa wa nani? Wa Moldova. Sasa hao ndio maadui wa damu?

Kinachoshikilia huu mgogoro zaidi ya miaka 30 ni hela, na hela ilikuwa inaliwa pande zote mbili za mto. Angalia gesi: Gazprom, kampuni ya gesi ya Urusi, ilikuwa inapeleka gesi Transnistria, wakubwa wa Tiraspol, mji mkuu wao, hawalipi, deni linaandikwa kwa kampuni ya Moldovagaz, gesi inachomwa kwenye mtambo wa Cuciurgan ulioko hukohuko Transnistria kuzalisha umeme, halafu umeme huohuo unauzwa Moldova, na pesa inaendesha serikali ambayo hakuna mwanachama hata mmoja wa Umoja wa Mataifa anayeitambua, Urusi yenyewe haijaitambua. Mnunuzi alikuwa nani? Chișinău! Na kuna miaka umeme ulipitia kwa kampuni ya dalali ambayo hata wenye mali hawakueleweka ni akina nani. Kuna na ile ya kuku wa kugandishwa, ujumbe wa Ulaya wa kusaidia mpakani ulipoanza kazi mwishoni mwa 2005 wakakuta Transnistria inaagiza kuku wengi kuliko ambavyo watu wake wangeweza kula, kumbe wanageuzwa wanaingizwa Ukraine kimagendo. Biashara kama hizo haziwezi kudumu bila watu wa forodha, wanasiasa na majaji wa kulala usingizi upande wa huku pia.

Kwa hiyo anayesema "mpaka kwanza" anaomba, bila kujua au kwa kujua, wezi wapewe muda. Na wamepewa sana. 2014 karibu dola bilioni 1 ilitoka kwenye mabenki matatu ya Moldova, kama asilimia 12 ya pato zima la nchi, na haikuibiwa na mizinga ya Tiraspol, iliibiwa Chișinău. Waziri mkuu wa zamani Vlad Filat akahukumiwa kifungo 2016, mfanyabiashara Ilan Shor akahukumiwa naye 2017 akatoroka 2019 rufaa ikiendelea, na Plahotniuc, tajiri aliyekuwa anaonekana kama ndiye mwenye nchi, akakimbia 2019 mpaka alipokamatwa Ugiriki 2025. Muda wote huo ukiwauliza wakubwa kwa nini mahakama zimeoza, utaambiwa hali ni tete, kuna Transnistria.

Angalia sasa kilichotokea mageuzi yalipoanza kweli. Majaji wakaambiwa watachunguzwa mali zao na mwenendo wao, na mapema 2023 majaji wengi wa Mahakama ya Juu wakaandika barua za kuacha kazi, wenyewe, hakuna aliyewafukuza. Januari 2024 sheria ya forodha ikawafikia wafanyabiashara wa ng'ambo, wakaanza kutakiwa kulipa ushuru kwenye bajeti ya Moldova, wakati tayari sehemu kubwa ya bidhaa zao inauzwa Ulaya kwa kutumia mkataba uliosainiwa na Chișinău. Tiraspol wakaitisha kongamano mwezi wa pili kuomba Urusi "iwalinde", wale wa mishale wakatangaza vita inaanza kesho, haikuanza. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Januari, gesi ya Urusi ikakatika baada ya mkataba wa kupitishia Ukraine kuisha, watu wa Tiraspol wakakaa kwenye baridi bila maji ya moto, na Moldova ikapata umeme kutoka Romania kwa sababu ilishaanza kujiandaa. Bei ilipanda, wananchi wameumia, sikudanganyi, lakini Cuciurgan haikuwashika koo tena.

Shirikisho sasa. Mwanangu, Muungano wetu wa serikali mbili si shirikisho, rekebisha kabla msimamizi wako hajaona. Na Moldova shirikisho lilishaletwa mezani, 2003, mpango wa Kozak, mtu wa Putin. Usome wenyewe sio muhtasari. Seneti ya watu 26, Transnistria ipewe 9 na Gagauzia, jimbo dogo la kusini mwa Moldova, 4, yaani nusu ya Seneti iwe mikononi mwa sehemu ndogo sana ya raia, na juu yake jeshi la Urusi libaki mpaka 2020. Rais Voronin wa Moldova, mkomunisti kabisa yule, alikaribia kusaini akarudi nyuma dakika za mwisho wakati Putin anasubiriwa kuja Chișinău. Yule angekubali, leo hakuna jaji angechunguzwa wala ushuru ungedaiwa, kila kitu kingekwama Seneti. Ukitaka mfano wa madaraka kugawanywa bila kuua nchi wanao nyumbani kwao, Gagauzia ilipewa mamlaka ya ndani kwa sheria ya 1994, bado inasumbua ila hakuna handaki la vita lililochimbwa.

Ndio maana hawa wachambuzi wa mishale nawaona kama mganga mwenye bango la nguzoni, mzizi mmoja unatibu pumu, madeni na mapenzi. Mgogoro wa Karabakh, shirikisho. Abkhazia, shirikisho. Donbas wakasema hivyohivyo. Hawaulizi nani analipwa hali ikibaki ilivyo, wanauliza tu mstari upite wapi. Ukiona mtu anaeleza mgogoro wa aina hii dakika kumi nzima na hajataja forodha, benki wala bili ya gesi, funga.

Kuhusu Ulaya, Cyprus iliingia 2004 ikiwa imegawanyika, sheria za Ulaya zimesimamishwa upande wa kaskazini mpaka leo. Kwa hiyo kusema haiwezekani ni uongo, ila usiandike kama ni mfano mtamu, Cyprus bado haijaungana na kura yake moja inatosha kuizuia Uturuki kuingia.

Wanajeshi ni kama 1,500, wengi wao wenyeji waliopewa pasipoti za Urusi, maana hapo hakuna bahari na Ukraine imefunga njia, wapya hawaingii kirahisi. Urusi iliahidi Istanbul 1999 kuwaondoa. Shida kubwa kuliko bunduki zao ni ghala la Cobasna, karibu tani 20,000 za risasi na mabomu ya enzi za Kisovieti, mengine yameshapitwa na muda wake, karibu kabisa na mpaka wa Ukraine. Hilo lipe sura yake kwenye tasnifu, na kabla ya hapo niletee ile ya bajeti ya Tiraspol.