Tetekuwanga ya jichoni: usianze na H16

Mkuu, usitume hilo dai la bima! Umeweka namba mbili za ICD-10-CM, orodha ya misimbo ya magonjwa tunayotumia Marekani: B01.9 pamoja na H16.101, wakati daktari kaandika waziwazi kwamba mtoto ana keratitisi ya tetekuwanga, jicho la kulia? B01.9 ni tetekuwanga isiyo na madhara mengine. Mstari wa pili, H16.101, unasema kioo cha jicho kimevimba, yaani keratitisi. Bima watalirudisha, na watakuwa na haki.

Najua ulikoitoa, maana nami nilifundishwa hivyo hapahapa Marekani: "Msimbo wa jicho lazima uonyeshe upande." Mwalimu wa kozi alitukaririsha hilo wala hakuwahi kutufungulia ukurasa wa B01! Alikula ada zetu bure. Upande uko kwenye sura ya macho, iliko H16, sawa, lakini keratitisi ya tetekuwanga ina namba yake, B01.81, iliyobeba ugonjwa na jicho kwa pamoja. Haina kulia wala kushoto.

Na dai kurudi ni jambo dogo; langu la namna hii liliwahi kurudi. Kilichoniumiza ni jinsi nilivyolirekebisha. Msimamizi aliniambia, "Weka B02.33, kirusi si ni kile kile?" Kirusi ni kile kile kweli, ila B02 ni mkanda wa jeshi, kwa Kiingereza "herpes zoster", pale kirusi kinapoamka baada ya kujificha mwilini, pengine kwa miaka mingi. Mtoto wa dai langu alikuwa na tetekuwanga yenyewe, malengelenge mwili mzima. Nikaweka, bima wakalipa, kimya. Kisha mama yake akafungua rekodi kwenye simu, akakuta neno "herpes", ambalo wengi hulijua kama ugonjwa wa zinaa, kwa mwanawe wa chekechea. Alipiga simu akilia, anauliza nani amemgusa mtoto wake. Msimamizi hakuipokea simu ile. Niliipokea mimi.

Kwa hiyo anza na ugonjwa, usianze na kiungo. Fungua faharasa ya ICD-10-CM, tafuta Varicella (ndiyo tetekuwanga), teremka hadi keratitis, halafu uhakikishe kwenye orodha ya namba. Daktari akiandika shida nyingine ya jicho iliyoletwa na tetekuwanga, mathalani uveitisi (uvimbe wa ndani ya jicho), ni B01.89. Asiposema imeletwa na nini, muulize kwa maandishi, usimkisie. Na mtu yeyote akikwambia "kirusi ni kile kile", mwambie akuonyeshe mahali daktari alipoandika mkanda wa jeshi.