Maswali Yenu ya Filamu: Huyu ni Askari au ni Jambazi?

SWALI: Habari za kazi hapo. Mimi ni mpenzi wa muvi za polisi tangu niko shule ya msingi. Juzi mshkaji kanipa flashi, ndani kuna muvi ya Kifaransa ya zamani inaitwa Un condé, ya mwaka 1970. Nimeimaliza usiku na usingizi sikupata vizuri. Yule inspekta Favenin ndo stelingi, rafiki yake kauawa, mwanzoni nikawa upande wake kabisa ila baadaye nikaanza kumuogopa. Sasa naomba mnisaidie, tumshangilie au tumchukie? Maana muvi yenyewe haisemi. – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, asante sana kwa swali hili, nimelisubiri miaka mingi mtu aniulize.

Niliwahi kuiweka hii muvi sebuleni kwa kaka yangu, tulikuwa watu sita, na mama yetu mdogo alikuwa pembeni anachambua mchele, hafuatilii, Kifaransa hajui na yale maandishi ya chini yanamkimbia. Vijana walianza kwa kelele kama kawaida, Favenin alivyomshika mtu wa kwanza wakapiga makofi, "mpe huyo!", wa pili makofi yakapungua, baada ya hapo kimya. Nikageuka nikamwona mama mdogo ameacha mchele, mkono umebaki kwenye ungo, ananiuliza, "Mwanangu, huyu ndo askari au ndo jambazi?" Nilimwambia ni askari. Akasema "mh", akarudi kwenye mchele wake ila safari hii macho yako kwenye tivii.

Kwa ambao hawajaiona, stori iko hivi. Mwenye klabu anauawa na watu wa bosi mmoja wa uhalifu, wanamwita Mandarin. Marafiki wa marehemu wanaamua kulipiza, wanamuua huyo Mandarin, na kwenye hekaheka hizo inspekta Barnero anapigwa risasi na kufa. Barnero alikuwa rafiki wa Favenin. Basi Favenin anaingia kazini, na kazi anayoifanya kuanzia hapo haina tofauti na ya wale anaowatafuta, wao wamelipiza kisasi cha rafiki yao na yeye analipiza cha wake, tofauti ni kwamba yeye ana kitambulisho mfukoni na mlango wa kituo anaingilia mbele.

Ukiniuliza mimi kinachotisha ni nini, nitakwambia ni upole wake. Aliyeigiza ni Michel Bouquet, mtu wa jukwaani, mwili mdogo, mdomo mwembamba, sauti ya chini kama karani wa masjala. Kwenye muvi tulizozoea polisi mwenye kisasi anapiga kelele, anavunja viti, analia kwenye mvua, na wewe mtazamaji unamhurumia kwa sababu unaona anaumia. Bouquet hakupi hiyo nafasi. Anapiga mtu halafu uso unabaki vilevile, anauliza swali kwa sauti ileile aliyoulizia la kwanza, na ndo maana ulivyokuwa umekaa pale Tanga ukajikuta umehama upande bila mtu kukuambia uhame. Wewe ulikuwa unasubiri hasira iishe ili mtu mwema arudi, na hasira haikuwepo tangu mwanzo. Bouquet alifariki Aprili 2022 akiwa na miaka 96, alicheza vitu vingi vikubwa kwenye maisha yake, ila mimi nikisikia jina lake naona lile koti na ule uso tu.

Halafu kuna kitu watu wengi wanakipita. Mwangalie mkuu wake, ameigizwa na yule Mtaliano Adolfo Celi. Favenin hajifichi sana, wakubwa wanajua wana mtu wa aina gani, na wanamhitaji hivyohivyo alivyo ilimradi mikono yao isionekane. Hapo ndo moyo wangu unauma kila nikiirudia, maana mtu mmoja mkatili unaweza kusema bahati mbaya, ila ukiona juu yake kuna kiti na aliyekikalia amefumba macho kwa makusudi, unajua Favenin akiondoka kesho ataletwa mwingine. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba usimshangilie, na kumchukia yeye peke yake hakutoshi.

Na usidhani dairekta Yves Boisset alibuni hofu hii hewani. Mwaka 1965 kiongozi wa upinzani wa Morocco, Mehdi Ben Barka, alichukuliwa mchana kweupe katikati ya Paris, kwenye boulevard Saint-Germain, na waliomsimamisha walikuwa polisi wa Kifaransa wenye vitambulisho halali, na mpaka leo mwili wake haujapatikana. Miaka minne kabla yake, usiku wa tarehe 17 Oktoba 1961, polisi wa jiji hilohilo waliua Waalgeria walioandamana kwa amani, wengine wakatupwa mto Seine. Watazamaji wa 1970 waliyajua haya hata kama hayakuwa yanasemwa kwa sauti. Tena wakati huo ukikamatwa Ufaransa polisi walikuwa na saa 24 za kukuhoji, zinaongezeka kufika 48, bila wakili kukaa pembeni yako, mawakili walianza kuruhusiwa kituoni 1993 na kukaa kwenye mahojiano yenyewe ni 2011. Sasa rudia ile sini ya mahojiano ukiwa unajua hakuna mtu yeyote atakayebisha hodi kwenye ule mlango.

SWALI: Jambo ndugu. Hapa kwetu Kifaransa tunasoma tangu darasani, policier tunajua, agent tunajua, hata flic tunasikia. Lakini condé mwalimu hakutufundisha. Ni cheo? – Msomaji, Bukavu

JIBU: Si cheo. Ni neno la mtaani, la wahuni na wafungwa, maana yake polisi, kama Dar watu wanavyosema njagu na Nairobi wakasema karao. Bado linaishi, ukisikiliza rapa za vitongoji vya Paris utalikuta. Mimi naona jina hilo limebeba nusu ya muvi, maana mtu anayelinda sheria anaitwa kwa jina alilopewa na wahalifu, na kwa jinsi anavyoenda mwisho wake linamkaa kuliko cheo chake.

SWALI: Niliskia serikali ya Ufaransa ilitaka kuifungia hii filamu, ni kweli ama ni zile stori za kuuza? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Ni kweli. Waziri wa mambo ya ndani alikuwa Raymond Marcellin, aliingia pale Mei 1968 katikati ya ghasia za wanafunzi na migomo, kazi aliyopewa ilikuwa kurudisha utulivu barabarani, na hapo ghafla inakuja muvi inaonyesha polisi anatesa watu. Hakutaka ionyeshwe kwenye majumba ya sinema. Sini ya mahojiano ndo ilileta mvutano mkubwa, ikabidi irekebishwe, na muvi ikafika kwa watu Oktoba 1970. Kama kawaida, watu wakiambiwa kuna kitu wizara haitaki wakione, wanapanga foleni. Boisset hakunyamaza baada ya hapo, aliendelea kutengeneza muvi za kuwasumbua wakubwa mpaka umri ukamkuta, amefariki Machi 2025 akiwa na miaka 86.

Na nikukumbushe jambo moja, maana wapo waliosema amewasingizia polisi. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg iliikuta Ufaransa na hatia ya mateso, katika kesi ya Ahmed Selmouni aliyepigwa akiwa mikononi mwa polisi Bobigny, nje kidogo ya Paris, mwaka 1991. Hiyo ni miaka zaidi ya 20 baada ya muvi.

SWALI: Shikamoo. Mume wangu anataka kuiweka Jumamosi tuangalie na watoto, mkubwa ana miaka 13, anapenda sana polisi na anasema akikua atakuwa askari. Naona ni sawa ama? – Mama wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Marahaba mama. Hapana, asiione sasa hivi. Damu siyo tatizo kubwa, watoto wameona damu nyingi kwenye katuni. Tatizo ni kwamba muvi haimwambii mtoto lini pa kugeuza uso, na wa miaka 13 anayetamani zile kombati atatafuta wa kumfuata, ataona mtu mmoja tu anayepata kila anachokitaka. Iangalieni wewe na baba kwanza, mkimaliza zimeni tivii mkae kidogo mzungumze. Huyo kijana akifika miaka 17 au 18 na bado anataka uaskari, mkalisheni muone naye, nyie wawili mkiwa kushoto na kulia kwake.