Orodha ya mikato 100 haitakusaidia

SWALI: Natumia VS Code, kihariri cha msimbo, kwenye Windows. Nina fomu ya usajili yenye visanduku 12, na kila kimoja naandika upya tagi za HTML: label (maandishi ya kisanduku) na input (kisanduku chenyewe). Nimepakua orodha ya mikato 100 ya kibodi na kuweka viendelezi vinne vya snipeti (vipande vya msimbo vinavyojiandika ukiandika kifupisho), lakini sioni kasi. Tena nikibonyeza Tab kinaingia kitu nisichokitaka. Nianze kukariri mikato ipi?

JIBU: Orodha ifute. Kwa fomu yako, andika majina 12 ya visanduku, kila jina mstari wake, bila nafasi ndani ya jina. Teua mistari yote, bonyeza Shift+Alt+I; kishale kitakaa mwishoni mwa kila mstari. Bonyeza Shift+Home, Ctrl+X, kisha andika tagi mara moja tu, na kila panapohitaji jina bonyeza Ctrl+V. Kila kishale kitabandika jina la mstari wake. Kihariri kikifunga nukuu au tagi chenyewe, usiifunge tena.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba mkato ni dawa ya kurudia. Mtu anaandika kisanduku kimoja, anabonyeza Shift+Alt+mshale wa chini mara 11, anabadilisha maneno ya label, basi, kamaliza. Kumbe amenakili na kosa lililomo. Id, yaani kitambulisho kinachounganisha label na kisanduku chake, ni ileile mara 12, kwa hiyo ukibofya label ya kumi, kishale kinarukia kisanduku cha kwanza. Name, jina ambalo data hutumwa nalo, nayo ikibaki ileile, PHP, lugha inayopokea fomu kwenye seva, inabakiza thamani ya mwisho tu ndani ya $_POST, yaani orodha ya data iliyotumwa. Zile 11 za mwanzo zinapotea bila ujumbe wowote wa kosa. Siku nzima inaishia kukagua hifadhidata ambayo haina hatia. Umbo moja likijirudia mara 12, hiyo ni kazi ya foreach, kitanzi cha PHP: majina kwenye orodha juu, kiolezo kimoja chini. Ukitakiwa kuongeza class, unagusa mstari mmoja.

Ctrl+Shift+L, ule unaoteua kila mahali neno lilipo, nao una mtego. Ukiteua "id" kwa kipanya kisha ukaubonyeza, utashika pia herufi hizo ndani ya "width" na "hidden". Weka kishale ndani ya neno bila kuteua kitu, nao utashika neno zima peke yake. Kama ni jina la kigezo kwenye JavaScript, tumia F2. Huo unaelewa kigezo kinaanzia na kuishia wapi.

Tab yako imevurugwa na vile viendelezi vinne: vina vifupisho vya herufi mbili tatu vinavyogongana na Emmet, zana ya kugeuza vifupisho kuwa tagi, ambayo tayari imo ndani ya VS Code. Viondoe vyote. Bonyeza Ctrl+Shift+P, tafuta Configure Snippets, chagua html, uandike snipeti yako moja: prefix (kifupisho cha kuiita) iwe "kisanduku", na body (msimbo utakaoingia) iwe "<label for='$1'>$2</label><input id='$1' name='$1'>". Hiyo $1 ukiijaza mara moja inajaa sehemu zote tatu. Kwenye snipeti ya PHP, andika \\$_POST. Ukisahau mikwaju hiyo, kihariri kinadhani ni kigezo chake na kukuachia _POST bila alama ya dola.

Na hawa wanaotangaza "weka kiendelezi hiki uandike msimbo mara kumi haraka", waogope. Kiendelezi cha VS Code kinaendeshwa kwa ruhusa zilezile za kihariri chenyewe: kinaweza kusoma faili zako, kuanzisha programu nyingine na kutuma data mtandaoni. Kabla ya kukiweka, tazama mchapishaji ni nani na msimbo wake uko wazi wapi. Faili ya .env yenye nywila ya hifadhidata iko kwenye folda hiyohiyo uliyoifungua.