Kazi za ziada kwenye mfumo: ingiza kabla hazijafukiwa

Ukishapewa akaunti ya mfumo wa kompyuta wa mradi wa ujenzi, achana kwanza na ile dashibodi ya rangi rangi. Fungua jedwali la vipimo na bei la mkataba, uone kila kazi imepewa msimbo gani wa gharama, yaani namba ya kundi lake la matumizi. Badiliko la kazi likiingia kwenye msimbo usio wake, litakusumbua siku ya kufunga hesabu, wakati hakuna tena anayekumbuka lilitoka wapi.

Agizo la mdomo la kubadili kazi lithibitishwe kwa maandishi siku hiyohiyo. Andika nani kaagiza, saa ngapi, mchoro namba ngapi na toleo lipi, kisha pakia picha. Mkataba ukiwa wa FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) wa 1999, mkandarasi ana siku 28 za kutoa taarifa ya dai tangu alipojua, au alipopaswa kujua, kuhusu tukio. Zikipita, haki ya kudai imepotea.

Kwenye vipimo ndipo wengi huteleza. Tuseme mtaro wa msingi una urefu wa mita 40 na upana wa 0.7. Mchoro ulisema kina mita 1.2, udongo laini ukalazimisha 1.8. Nyongeza ni 40 × 0.7 × 0.6, yaani mita za ujazo 16.8. Usikimbilie kuzidisha kwa bei moja: kama jedwali linagawa kina kwa hatua za mita 1.5, nusu yake, 8.4, iliyo chini ya mita 1.5, inaingia kwenye bei ya hatua ya pili. Kisha ongeza ukuta wa msingi uliorefuka kwenda chini, kujaza udongo, kubeba unaobaki, na siku zilizoliwa. Sehemu ya siku huachwa wazi mara nyingi, sijui kwa nini, na baadaye ndiyo inayogombaniwa.

Kazi iliyoondolewa nayo iingizwe, kwa alama ya kutoa. Ukibadili milango ya mbao kuwa ya chuma bila kuitoa ya mbao, mteja anahesabiwa milango mara mbili.

Makadirio ya gharama ya mwisho hujumlisha mabadiliko yaliyoidhinishwa na yanayosubiri, kila kundi safu yake. Hati ya malipo hubeba yaliyoidhinishwa na kutekelezwa tu. Rekodi iliyokosewa usiifute. Ibatilishe na uandike sababu, maana namba ikiruka mkaguzi ataiulizia.