Kuzunguka Govardhan peku: panga mwendo wako kwa mabwawa

Msomaji wa Mombasa ameniandikia. Mama yake ana miaka 67, anataka kuzunguka mlima mtakatifu wa Govardhan, India, mwezi wa Kartik wa kalenda ya Kihindu, na wanawe wanamkatisha tamaa: kilomita 21 peku, watasema nini watu akianguka njiani? Jibu langu ni kwamba mama aende. Njia ile imejaa wazee wanaomaliza salama. Wanaokwama mara nyingi ni vijana walioigeuza hija kuwa mashindano, wakapita mabwawa mbio, wakafika bwawa la Radha Kund saa 6 mchana nyayo zimeungua na mahekalu yamefungwa.

Kwa asiyepajua, Govardhan ni mji mdogo wilaya ya Mathura, jimbo la Uttar Pradesh. Kutoka Delhi hadi Mathura ni kama saa mbili kwa treni, kisha gari dogo kwa kilomita ishirini na kitu. Mlima wenyewe ni mgongo wa mawe wenye urefu wa karibu kilomita 8, na kimo chake ni cha mnazi mrefu tu, mita 30 hivi. Wahindu wanaamini mungu Krishna aliuinua kwa kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwa siku saba, watu na ng'ombe wakajikinga chini yake na mvua ya Indra, mungu wa mvua. Familia za Kigujarati za Dar es Salaam, Mombasa na Kampala zenye picha ya Shrinathji, yaani Krishna akiuinua mlima, ukutani wanaujua mkono ule ulioinuliwa. Mlima unaoinuliwa ndio huu. Sanamu yenyewe ya Shrinathji ilikaa hapa mpaka 1669, enzi za mfalme Aurangzeb wa Mughal, ilipoondolewa, na mwaka 1672 ikawekwa Nathdwara, Rajasthan.

Njia ina vitanzi viwili vinavyokutana mjini Govardhan. Utakapoona kund au sarovar, maana yake ni bwawa. Kikubwa kinakwenda kusini: Anyor, Govind Kund, Punchari, Jatipura, kisha kurudi mjini. Kidogo kinakwenda kaskazini: Uddhav Kund, Radha Kund, Kusum Sarovar, na kurudi. Mlima uwe mkono wako wa kulia muda wote. Wapo wanaoshushwa na bajaji Jatipura wakaanza kutembea kuelekea Punchari; hao wameanza kinyume, na watapishana na umati uso kwa uso mpaka mwisho. Upande wa Radha Kund mlima karibu hauonekani, umezama ardhini, kwa hiyo huko jishike na mpangilio wa mabwawa: Uddhav Kund kwanza, Kusum Sarovar mwisho.

Kwa mtu wa miaka 67 nashauri asubuhi mbili. Kuugawa mzunguko pale vitanzi vinapokutana hakumpunguzii mtu kitu. Siku ya kwanza kitanzi kikubwa, siku ya pili kidogo. Anza saa 10 alfajiri, siku zote mbili. Mahekalu mengi ya eneo lile hufungwa adhuhuri na kufunguliwa tena jioni, na jua likishapanda lami inakuwa moto. Aprili hadi Juni usiende kabisa kama una hiari. Desemba na Januari ukungu ni mzito na mawe ni barafu. Kartik, kati ya Oktoba na Novemba, ndio wakati wake.

Sasa nyayo, maana hapa ndipo safari inapoharibikia. Kuna barabara ya lami, na kuna njia ya ndani ya udongo na mchanga inayopita karibu na mlima. Chukua ya ndani kila inapopatikana. Viatu vya ngozi viache hotelini. Goti au kisukari likimlazimu mtu, avae soksi nene za pamba, hakuna atakayemlaumu. Lakini kinacholeta malengelenge zaidi si njia, ni maji. Unashuka ngazi za bwawa, unalowesha miguu, unapanda na kuondoka hapo hapo. Ngozi iliyolowa hulainika, mchanga huganda katikati ya vidole, na baada ya kilomita mbili imeshachubuka. Kwa hiyo beba kitaulo kidogo. Kila ukitoka bwawani kaa kwenye ngazi ya juu, futa kidole kwa kidole, subiri mpaka nyayo zikauke kabisa. Dakika tano. Ukiona mahali pamekuwa pekundu na panawaka, bandika plasta kabla lengelenge halijatuna, si baada.

Ngazi zenyewe zina mwani wa kijani mahali maji yanapogusa jiwe. Usishuke ukiwa umesimama wima kama unashuka ghorofa. Kaa ngazi ya mwisho iliyo kavu, inama, chota maji kwa kiganja cha kulia, jinyunyizie kichwani. Hiyo inatosha kabisa. Maji ya mabwawa haya yamesimama, watu wanamimina humo maua na maziwa mwaka mzima. Heshima haikulazimishi kuyanywa. Ya kunywa beba yako: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa kidogo kidogo. Poori (mkate wa kukaanga) na peda (tamutamu za maziwa) ziache mpaka umalize kitanzi. Tumbo zito kwenye mchanga ni adhabu.

Anzia Manasi Ganga, bwawa kubwa lililo katikati ya mji. Kando yake lipo hekalu la Harideva, la mawe mekundu ya mchanga, lililojengwa na Raja Bhagwan Das, mtawala wa Amber, enzi za mfalme Akbar wa Mughal. Hapa watakuja watu wakitaka kukusomea dua. Wengine ni makuhani wa kweli wa ukoo, wengine ni madalali. Patana sadaka kabla maua hayajaingia mkononi mwako, na uwe na noti ndogo za rupia 10 na 20 mfukoni peke yake. Miwani ivue uiweke ndani ya nguo, kwa sababu tumbili wa pale hunyakua miwani kwanza, na wanajua kuwa utawarudishia chakula ili uipate.

Govind Kund ifikie kunapambazuka. Ndipo inaposemwa Indra, baada ya kushindwa, alikuja na ng'ombe Surabhi kumwogesha Krishna na kumwomba radhi. Hapo ni pa kukaa, si pa kupiga picha na kuondoka. Punchari utapita haraka. Ni ncha ya kusini, na kwa muda mfupi utakuwa umevuka mpaka na kuingia Rajasthan.

Jatipura kuna jiwe linaloheshimiwa kama uso wa mlima. Watu hulimiminia maziwa tangu alfajiri, kisha hulivika nguo na maua. Sakafu yake inateleza kuliko bwawa lolote, basi mshike mama mkono. Usipande mlima, wala usichukue hata kokoto ya kwenda nayo nyumbani. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu watu wanaficha mawe kwenye mikoba huku wanaimba jina la mwenye mlima.

Radha Kund na Shyam Kund zimepakana. Chaitanya, mtakatifu wa Kihindu aliyemwabudu Krishna, alipofika mwanzoni mwa karne ya 16 palikuwa na mashamba ya mpunga yenye vijidimbwi. Mfuasi wake Raghunath Das Goswami ndiye aliyesimamia uchimbaji baadaye. Tazama kingo za Shyam Kund uone zilivyopinda. Inasimuliwa aliota kwamba miti iliyokuwa pale ni Pandava watano, ndugu mashujaa wa Mahabharata, akakataa kuikata ili bwawa linyooke. Vichochoro ni vyembamba sana, na siku ya nane ya giza la Kartik, yaani nusu ya mwezi ambapo mwezi angani unapungua, kama wiki moja kabla ya Diwali, maelfu ya wanandoa wanaotafuta mtoto huja kuoga usiku wa manane na boga jeupe mkononi. Kama hiyo siyo nia yako, usilale Radha Kund usiku huo. Siku baada ya Diwali pia, mlima unapoabudiwa kwa marundo ya vyakula, mzee asiingizwe kwenye msongamano.

Kusum Sarovar ina makaburi ya kumbukumbu ya Maharaja Suraj Mal wa Bharatpur, aliyefariki 1763, yaliyojengwa na mwanawe Jawahar Singh. Ngazi zake ni pana na ndefu, na hapo mama apumzike nusu saa nzima. Akichoka, bajaji za umeme ziko barabarani. Apande mpaka mjini, amalizie kwa miguu hadi Manasi Ganga alipoanzia. Jioni hiyo miguu iloweshwe kwenye maji ya uvuguvugu, ikaushwe, ilale juu ya mto. Tiketi ya treni ya kurudi Delhi ikatwe ya kesho yake.